Gundi ya Miksi: Historia ya Boksi Tunalolitamani, Kabla Hatujatoa Pesa

Kila prodyusa wa rika langu hapa Eldoret ana picha moja kwa simu. Si ya gari, si ya mrembo. Ni picha ya boksi la chuma, lina nob sita hivi mbele na dirisha dogo lenye sindano inayocheza. Ukimuuliza, atakwambia hiyo ndiyo imebaki. Laptopu anayo, maikrofoni anayo, spika anazo, biti zake ziko sawa, lakini miksi zake hazishikani, na hilo boksi ndilo litazishikanisha. Linaitwa kompresa ya basi.

Basi hapa si lile la kwenda Kitale, ingawa ukifikiria ni karibu kitu kilekile. Ndani ya miksi kila sauti ni abiria. Kiki, besi, gitaa, vokali, makofi ya nyuma, kila mmoja ametoka kwao na mzigo wake. Mwishowe wote hupanda gari moja la stereo, kushoto na kulia, ndio wafike kwa masikio yako. Kompresa ya basi inakaa mlangoni mwa gari hilo. Wimbo ukipita kizingiti fulani, inaushusha kidogo. Ukitulia, inauachilia. Na kwa sababu inawashika abiria wote kwa pamoja, kiki ikigonga, gitaa na vokali nazo zinainama kidogo halafu zinainuka pamoja nayo. Sikio linapata hisia ya kitu kimoja kinachopumua. Hiyo ndiyo watu wa studio wanaiita gundi.

Sasa, mimi sipingi boksi. Napinga kuchagua kwa picha. Kila moja ya hizi mashine ilizaliwa kutatua shida ya mtu fulani, mahali fulani, mwaka fulani. Ukijua ilikuwa shida ya nani, ndipo unajua kama ni yako. Na ukiifuata hiyo historia hadi huku kwetu, unakuta kitu cha kushangaza: kwa miaka mingi muziki wa Afrika Mashariki ulikuwa na gundi ya kutosha, na hiyo gundi haikuwa boksi.

Tuanze na redio, maana kompresa ni mtoto wa redio. Zile stesheni za kwanza zilirusha sauti kwa mawimbi ya AM, na wimbi la AM lina kipimo cha mzigo: asilimia 100. Ukiizidisha, sauti inakwaruza na kumwagikia stesheni jirani. Ukiipunguza sana, msikilizaji wa mbali anasikia tu mvua ya kelele. Kwa hivyo palikuwa na mtu ameketi, mkono kwa nob, macho kwa sindano, anapandisha na kushusha mwimbaji akipaza au akinong'ona. Siku nzima! Miaka ya 1930 kule Marekani, mainjinia walianza kutengeneza mashine za kumsaidia huyo mtu, na kazi yao ilikuwa moja: kulinda mtambo na kufikisha sauti mbali. Hakuna aliyekuwa anaongea mambo ya joto wala gundi wala utamu. Ilikuwa kama fyuzi yenye akili.

Redio ilifika Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1920, ikiwahudumia walowezi kwanza. Baada ya uhuru, mwaka 1964, ikawa Sauti ya Kenya, na 1989 ikarudia jina la KBC. Babu zetu walioisikiliza huku milimani kwa redio ya betri walikuwa wanasikia muziki uliokwisha kubanwa ili uvumilie safari. Kwa hiyo ukisema unataka ile sauti ya redio ya zamani, jua unataka sauti ya muziki uliofungwa mkanda ndio uvuke Bonde la Ufa.

Lakini kabla ya muziki kufika kwa redio, nani aliusawazisha? Hapa kuna hadithi ya upande wetu ambayo naona kila prodyusa wa huku angefaa kuijua.

Mwaka 1950, Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akiishi Afrika Kusini, alikuwa akizunguka bara akirekodi muziki. Alifika Kapkatet, nchi ya Wakipsigis, upande wa Kericho. Hapo ndipo aliporekodi wasichana wakiimba juu ya Chemirocha. Chemirocha ni jina la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa country wa Marekani aliyefariki 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika mpaka huko. Wakipsigis walilisikia jina, wakalikalisha vizuri kwa ulimi wao, na yule mwimbaji akageuka kiumbe nusu mtu nusu swara. Rekodi hiyo imezunguka dunia, na zaidi ya miaka 60 baadaye nakala zilirudishwa kijijini kwenyewe.

Mimi nilipoisikia mara ya kwanza sikushangazwa na hadithi. Nilishangazwa na miksi. Kila kitu kiko mahali pake. Sauti za wasichana ziko mbele, ala ya nyuzi iko pale chini yao, na zote zinakaa kama zimetoka kwa pumzi moja. Unajua Tracey alikuwa anafanyaje? Alishika maikrofoni mkononi. Alisimama karibu na watu akiisogeza mwenyewe, huku kidogo, kule kidogo, mpaka mizani ikubali. Yule jamaa wa redio alikuwa na mkono kwa nob, huyu alikuwa na mkono kwa maikrofoni. Na gundi ilitoka kwa hewa. Wote waliimba mahali pamoja, kwa wakati mmoja, wakisikilizana, na yule aliyekuwa juu sana alijishusha mwenyewe kwa sababu alimsikia mwenzake.

Weka hiyo kichwani, tutairudia.

Baadaye zikaja santuri nyingi za kutengenezewa hapahapa. Nairobi ilipata kiwanda cha kuchapa santuri miaka ya 1950, River Road ikajaa maduka na maprodyusa, na Kericho kulikuwa na Chandarana, duka la muziki lililokuwa na lebo na studio yake. Fikiria hiyo: Kericho, si Nairobi. Benga ilipokuwa imewaka miaka ya 1970, akina D.O. Misiani na Shirati Jazz wakiwa kileleni kwa Kijaluo na akina Kipchamba arap Topotuk wakiimba kwa Kipsigis, santuri ndogo ya mizunguko 45 ndiyo ilikuwa sarafu ya mji. Upande mmoja hauna nafasi kubwa, dakika chache tu, ndio maana nyimbo nyingi za benga zimekatwa sehemu ya kwanza na ya pili. Unageuza santuri, gitaa linaendelea na mbio zake pale lilipoachia.

Santuri nayo ina shida yake, na hiyo shida ndiyo ilizaa lile boksi maarufu kuliko yote. Sauti kwenye santuri ni mfereji uliochongwa. Besi nzito inachonga mfereji mpana unaoyumba, na ikizidi, sindano inaruka. Miaka ya 1950 kuelekea mwishoni, injinia Rein Narma, mzaliwa wa Estonia aliyehamia Marekani, alibuni kompresa ya kutuliza sauti kabla haijachongwa, na kampuni ya Fairchild ikaitengeneza. Ile ya stereo, Fairchild 670, ina valvu 20 na uzito wa kama kilo 30. Hata ilikuwa na mpangilio wa kushughulikia mwendo wa sindano wa kando na wa juu-chini tofauti, kitu ambacho hakina maana yoyote kama hukati santuri. Leo hiyo mashine inauzwa bei ya nyumba, na watu wanaizungumzia kama maji ya baraka. Ilikuwa kifaa cha kiwandani, wasee. Studio ya Abbey Road walichukua ndugu yake wa mono, 660, wakaiweka kwa ngoma na sauti za Beatles, na hapo ndipo utamu wake ulianza kupendwa kama utamu.

Sauti ya valvu ni laini kwa sababu ya vile inavyobana: kadiri unavyoisukuma ndivyo inavyobana zaidi, polepole, bila kona kali. Manley wana boksi lao, Variable Mu, linalofuata ukoo huohuo, na ni zuri, sikatai. Pia linazidi dola 4,000 kabla hujalipa ndege na ushuru.

Sasa tufike kwa boksi lililo kwa simu zetu, maana wengi hawajui kwamba mwanzoni halikuwa boksi.

Mwaka 1969 Colin Sanders alianzisha kampuni huko Oxfordshire, Uingereza. Biashara yake ya kwanza ilikuwa kutengeneza mifumo ya kuendesha kinanda kikubwa cha kanisa, swichi za kielektroniki badala ya zile za zamani za kusogea. Ndio maana ikaitwa Solid State Logic. Ndiyo, SSL, ile ya nembo unayoiona kwa plagini zako, ilianza na vinanda vya kanisa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wakatengeneza meza ya kumiksia, mfululizo wa 4000, na katikati ya hiyo meza, hapo injinia anapoketi, wakaweka kompresa ya stereo inayoshika miksi nzima. Haikuwa ya kununua peke yake. Ilikuja na meza, kama redio inavyokuja na gari.

Ndani yake kulikuwa na kifaa kinachoitwa VCA, saketi inayopandisha na kushusha sauti kwa amri ya umeme mdogo. David Blackmer wa dbx huko Marekani ndiye aliyeufanya huo ufundi uwe wa kuaminika kwa kazi ya sauti miaka ya 1970. VCA haina ulaini wa valvu. Ni ya haraka, iko sawasawa, na inafuata maagizo. Ukiiambia mara nne, ni mara nne.

Kwa nini basi ikapendwa hivyo? Hapa ndipo naona watu wanasoma historia kinyume. Wanasema SSL walivumbua gundi. Mimi nasema hapana, SSL walifika wakati gundi ya zamani ilikuwa imekatwa. Miaka hiyo studio kubwa za Ulaya na Marekani zilikuwa zimehamia kwa tepu ya nyimbo 24. Mpiga ngoma anarekodi Jumatatu, besi Jumanne, mwimbaji wiki ijayo kwa chumba kingine kilichojazwa sponji ili kusiwe na mwangwi. Kila mtu peke yake, msafi kabisa. Ukiwaweka pamoja, wanasikika kama watu waliokutana kwa foleni ya benki. Hakuna aliyejishusha kwa sababu ya mwenzake, kwa vile hakuna aliyemsikia mwenzake. Ile kompresa ya katikati ya meza ikaanza kufanya kazi ya chumba: mmoja akipaza, wote wanamhisi.

Ukishaona hivyo, hata nob zake zinaeleweka. Ataki ina hatua sita, milisekunde 0.1, 0.3, 1, 3, 10 na 30. Rilisi ni 0.1, 0.3, 0.6, 1.2 na otomatiki. Resho ni tatu tu: 2, 4 na 10. Hakuna nafasi ya kuzubaa. Watu wa miksi wengi hubaki pale pale, resho 2 au 4, ataki 10 au 30 ndio kiki ipite na kichwa chake kabla mlango haujafungwa, rilisi otomatiki au ya haraka, na sindano isishuke zaidi ya desibeli 2 hadi 4. Ni kiasi kidogo. Mtu akikuonyesha sindano imelala kwa 12 akasema hiyo ni gundi, hiyo ni saruji.

Turudi Kenya. Capital FM ilipoanza 1996 kama stesheni ya kwanza ya FM ya kibinafsi, mlango ulifunguka, na maprodyusa wa Nairobi wakaingia na kompyuta. Tedd Josiah, Ogopa Deejays, Clemo na Calif Records. "Unbwogable" ya Gidi Gidi Maji Maji ilitoka 2002 na ikabebwa na uchaguzi wa mwaka huo hadi ikawa kama wimbo wa taifa wa pili. Mamilioni waliiimba. Sijawahi kukutana na mtu hata mmoja aliyewahi kuuliza basi ya stereo ilipitia boksi gani. Na stesheni za FM zenyewe huweka mashine ya kubana kabla ya mtambo, mjukuu wa ile fyuzi ya miaka ya 1930, kwa hivyo chochote ulichobana nyumbani kinabanwa tena hewani, halafu matatu inakibana mara ya tatu kwa spika zake za chini ya kiti.

Halafu tukaja sisi. Ethic walipotoa "Lamba Lolo" 2018, gengetone ikawasha moto, na kila mtaa ukagundua kwamba studio ni kitanda, laptopu na blanketi dirishani. Hii ndiyo sauti yangu, nimekulia hapo, sitaidharau. Lakini angalia vile tunafanya kazi. Biti imetengenezwa na msee wa Huruma usiku. Besi ni sampuli ya mtu wa Atlanta. Msanii wa kwanza ameimba kwa chumba cha Langas, wa pili ametuma vokali kwa WhatsApp kutoka Nakuru, na sijui wa tatu alirekodia wapi lakini jogoo anasikika. Zile studio za tepu ziliwatenga wanamuziki kwa kuta. Sisi tumetengwa kwa kaunti. Ni kizazi ambacho hakijawahi kushiriki hewa moja, hata sekunde moja ya wimbo.

Kwa hivyo ile hamu ya gundi si ushamba. Ni hamu halali kabisa. Swali ni unainunua kwa bei gani na kwa kazi ipi.

Hapa sasa niseme wazi kwa nini naandika. Tuko watano, tuna chama. Kila mwezi tunaweka kitu, na tulikubaliana tangu mwanzo kwamba pesa ikifika inapofaa tutanunua mashine moja ya pamoja. Imefika. Mmoja wetu hurekodi kwaya za kanisa, anataka tungoje mwaka mwingine tupate ya valvu. Mwingine hataki boksi kabisa, anataka tutibu chumba kwa mbao na pamba ya ukutani. Wawili wanataka ile ya picha, yenye nembo ya SSL, hata kama ni kukopa kidogo. Kura yangu ndiyo inaamua, na wamechoka kuningoja. Mimi ndiye niliyeacha chuo mwaka wa pili nikisema naenda kusomea sauti, kwa hivyo wananidai jibu la mtu aliyesoma.

Huyu wa kwaya ana hoja nzuri, tumsikize. Kwaya ni vokali ndefu, vilele vinapanda polepole, na valvu inashika kitu kama hicho kwa upole. Lakini kwaya yake inaimba ndani ya kanisa moja, watu 30 kwa hewa moja, na yeye anaweka maikrofoni mbili mbele yao. Hiyo ni Kapkatet. Gundi tayari iko! Anachohitaji ni mkono wa Tracey: asogee, arudi, apange watu wa besi nyuma na soprano pembeni. Tungelipa zaidi ya dola 4,000 kumpa kitu ambacho paa la kanisa linampa bure. Tena valvu huchoka, na kubadilisha ni kuagiza kutoka nje.

Wa mbao na pamba ana hoja ngumu zaidi kujibu. Kama chumba kinakudanganya, hutasikia desibeli 2 za kompresa, utakuwa unageuza nob kwa imani. Nakubaliana naye nusu. Pamba ya ukutani ni bei ya chini, tunaweza kuifanya na fundi wa seremala wiki hii, na bado pesa ikabaki. Si moja au nyingine.

Kwa wale wawili wa nembo, nina mambo matatu ya kuwauliza kabla hatujaenda popote.

Tutaichomeka wapi? SSL waliiweka ndani ya meza, na meza ilikuwa na njia zake. Sisi tuna intafesi ndogo ya kutoa njia mbili tu, na hizo mbili zinaenda kwa spika. Kupitisha stereo nje na kuirudisha ndani huku bado unasikiliza, unahitaji angalau njia nne za kutoa na mbili za kuingia zenye kiwango cha laini. Boksi bila hiyo intafesi ni pambo. Kwa hivyo bei ya boksi si bei ya boksi.

Lina filta kwa upande wa kusikilizia? Nyimbo zetu zinaongozwa na besi, kuanzia benga, ambako gitaa la besi linaongea kama mzee wa kijiji, hadi gengetone ambako kiki na besi ni kitu kimoja kinachotikisa kioo. Kompresa ya kawaida inasikia besi kwanza, inafunga mlango, na vokali zinazama kila kiki ikipiga. Ile ya asili ya meza haikuwa na filta ya kuiambia usisikie chini ya herzi 100 hivi. Za siku hizi nyingi zinayo. The Bus+ ya SSL inayo, Bus-Comp ya Warm Audio ambayo Marekani inauzwa chini ya dola 1,000 inayo pia. Kwangu hiyo filta ina thamani kuliko nembo yoyote. Na pia pande mbili, kushoto na kulia, lazima zifungwe pamoja. Zikibana kila moja kivyake, mwimbaji aliyeko katikati anaanza kutembea huku na kule kama amelewa.

La tatu ni umeme. Vitu vya Marekani vingine ni vya volti 120. Hapa ni 240. Kuna mashine zenye swichi nyuma ya kubadilisha na kuna zisizo nayo, na hilo huangaliwa kabla ya kulipa. Na kwa vile kazi ya hadiwea hupita kwa wakati halisi, wimbo wa dakika tatu ni dakika tatu za kungoja, stima ikipotea dakika ya pili na nusu unaanza upya. Betri ya kushikilia nayo iingie kwa hesabu.

Kuna njia nyingine sijaisahau. Jakob Erland wa Gyraf Audio huko Denmark alichapisha mchoro wa kutengeneza kompresa ya ukoo wa SSL mwenyewe, na watu duniani kote wamezichoma kwa mikono. Eldoret tuna mafundi wa redio ambao wamefufua amplifaya zilizozaliwa kabla ya wazazi wetu. Ningependa sana kumwona mmoja wao akiishika hiyo kazi. VCA zenyewe ni vipande vidogo vinavyouzwa hadi leo na THAT, kampuni iliyoanzishwa 1989 na mainjinia waliotoka dbx. Lakini hiyo ni miezi, na chama kimechoka.

Na kama kuna anayetaka boksi ili wimbo uwe na kelele kubwa kuliko wa jirani, aache. Spotify husawazisha kwa kawaida hadi kama -14 LUFS, na YouTube hushusha zilizozidi. Ukiponda wimbo wako hadi ukose pumzi, wanaushusha, na kinachobaki ni kipondo tu.

Kura yangu basi: VCA, yenye filta, si ya nembo kubwa. Kabla yake intafesi yenye njia za kutosha, na pamba ukutani kwa chenji. Na kwa huyu wa kwaya, siku nzima ya boda na chakula tukiwa naye kanisani tusogeze maikrofoni. Pia ninaweka sharti moja ambalo najua litaleta kelele: wimbo wa kwanza utakaopita kwa hilo boksi tuurekodi wote tukiwa chumba kimoja, biti ikichezwa kwa spika, maikrofoni ikisikia ukuta.

Kabla ya kulipa kutakuwa na jaribio. Nyimbo tatu, moja ya kwaya, moja ya gengetone, moja ya gitaa la Kikalenjin. Kila moja itapigwa bila kompresa, kwa plagini ya bure, na kwa boksi tutakaloazima, zote zikiwa na sauti sawa kwa kipimo, kwa sababu sikio likiona kilicho juu zaidi hukiita kizuri zaidi. Mmoja anabonyeza, wanne wanaangalia ukuta na kuandika namba kwa karatasi. Kama plagini itashinda mara tatu, nitapiga kura ya kununua mbao na pamba peke yake, na wale wawili wanaweza kunikasirikia vile wanataka. Ni Jumamosi, saa nne asubuhi. Ukitaka kuja kusikiliza, njoo na hedifoni zako, na uje mapema kabla stima haijapotea.